Mti wa Kando ya Barabara Si Jalala la Moshi Wetu

Kila mwaka masika yanapokaribia, viongozi wetu hushika majembe. Tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, na kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Mche huwekwa shimoni, maji kidogo humwagwa, picha hupigwa, kisha hutolewa hotuba ambamo husemwa kwamba miti ni mapafu ya jiji. Sina ugomvi na majembe hayo. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma ya hotuba, kwamba mti ni chombo tulichojaliwa ili tuendelee kuchafua bila hofu, mradi tu tumepanda ya kutosha. Dhana hiyo imeshika mizizi katika mipango yetu ya miji, na kwa maoni yangu ni ya hatari, kwa kuwa inaupa mti kazi ambayo serikali inapaswa kuifanya yenyewe.

Somo langu ni siasa, si botania. Hata hivyo, hoja ya kisiasa juu ya miti haiwezi kusimama bila kueleza kwanza mti unafanya nini hasa, maana watu wengi huishia kwenye sentensi moja waliyokaririshwa shule ya msingi: mti huvuta hewa chafu na kutoa hewa safi. Sentensi hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye mambo.

Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo vitabu vya biolojia huviita stomata. Kupitia vitundu hivyo mti huingiza hewa ukaa unayoihitaji kwa kutengeneza chakula chake, na hutoa mvuke wa maji. Lakini mlango huo haumchagui mgeni. Inapoingia hewa ukaa, huingia pia gesi za naitrojeni zitokazo katika injini, gesi ya salfa inayotokana na dizeli, na ozoni inayozalika pale moshi wa magari unapokutana na jua kali. Kila moja hupokewa kwa namna yake. Gesi ya naitrojeni mti huweza kuigeuza kwa vimeng'enya vilevile unavyovitumia kusindika naitrati ya udongoni, ikawa asidi amino na hatimaye protini. Kwa lugha nyepesi, mwembe ulio kando ya kituo cha daladala hula sehemu ndogo ya moshi wa daladala. Salfa ikiwa kidogo nayo ni lishe; ikizidi hugeuka tindikali ndani ya jani na kuliunguza kingo zake.

Ozoni haina lishe yoyote. Ikishapenya huzaa kemikali kali zinazotafuna utando wa seli, na mti hulazimika kutumia akiba yake kuzizima. Miongoni mwa silaha zake ni vitamini C, ileile tunayoitafuta katika chungwa. Watafiti wawili wa India, Singh na Rao, walipendekeza mwaka 1983 namna ya kupima uvumilivu wa mti dhidi ya hewa chafu kwa kutazama mambo manne ya jani: wingi wa vitamini C, klorofili, tindikali ya utomvu wake na maji yaliyomo. Kipimo hicho kinatumika hadi leo kuchagua miti ya kando ya barabara. Kinatukumbusha jambo ambalo hotuba hazilisemi: kwamba tunapouweka mti barabarani tunauweka vitani, na kila kinga unayotumia huigharimia kutoka katika nguvu ambayo ungeitumia kukua.

Kisha kuna vumbi na masizi. Pitisha kidole juu ya jani la mwarobaini wa kando ya Barabara ya Mandela mwezi Agosti, pale malori ya bandarini yanapopishana usiku na mchana, nawe utaona kidole kimekuwa cheusi. Majani yenye vinyweleo, mikunjo au nta nyingi hunasa zaidi. Majani laini yanayoteleza hunasa kidogo. Zile chembe nyembamba kabisa, zisizozidi maikromita 2.5, ambazo kwa binadamu hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, baadhi yake huzama katika nta ya jani na kukaa humo mpaka jani lidondoke. Nyingine hupeperushwa tena na upepo, au husubiri mvua iziteremshe ardhini. Wakati huohuo vumbi lililotanda huzuia mwanga, huziba vitundu na hupandisha joto la jani. Tena kiangazi, wakati vumbi liko juu kabisa na maji ni haba, mti wenyewe hufunga vitundu vyake usije ukanyauka. Yaani ule msimu tunaouhitaji mno ndio msimu unaomeza gesi kidogo zaidi.

Nimeacha metali mwisho kwa makusudi. Risasi, kadimi, zinki na shaba hutoka katika breki, matairi, betri chakavu, rangi na taka za viwanda. Gesi inaweza kugeuzwa kuwa kitu kingine, metali haigeuki. Hakuna mti duniani unaoweza kuiangamiza risasi. Unachoweza kufanya ni kuificha. Sehemu kubwa ya risasi iliyomo udongoni huishia kwenye mizizi, ikiwa imeng'ang'ania kuta za seli. Metali zinazofanikiwa kuingia ndani hufungwa na vijenzi vidogo vinavyofanana na protini, kisha hutiwa katika vifuko vya ndani ya seli, kama mama mwenye nyumba anavyoifungia sumu ya panya kabatini, mbali na watoto. Kiasi kingine huenda katika majani yanayozeeka na katika gome, ili mti uyaangushe pamoja na mzigo wake.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: jani hilo likishaanguka, linakwenda wapi?

Jibu tunalo, maana tunaliona kila asubuhi. Akina mama wanaofagia barabara zetu, wengi wao bila barakoa wala glavu, hukusanya majani katika vichungu. Vichungu hivyo huchanganyika na chupa za plastiki, vifuniko na mabaki ya chipsi, na mara nyingi huwashwa moto palepale. Tumefanikiwa kupiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na ni sifa njema. Lakini plastiki nyingine bado zipo, na kiberiti bado kipo. Mti umetumia mwaka mzima kunasa masizi na kuzihifadhi metali, na sisi kwa nusu saa tunazirudisha hewani, katika pua ya mfagiaji kwanza, kisha ya mtoto anayekwenda shule. Majivu yanayobaki husombwa na mvua hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi Mto Msimbazi. Nawaomba wale wanaopenda neno «mapafu» walitafakari hapa. Mapafu gani haya ambayo tunayakamua kila asubuhi na kuyavuta upya?

Na bondeni kwa Msimbazi kuna bustani. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha katika jarida la Food Chemistry matokeo ya kupima metali nzito katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Risasi na kadimi zilikuwamo, kwa viwango vya kutia wasiwasi. Mchicha haukufanya kosa lolote. Ulifanya kile ambacho mmea hufanya, ukavuta kilichokuwamo katika maji na udongo. Tofauti kati yake na mkungu wa barabarani ni moja tu: mkungu hatuli majani yake. Kwa hiyo anayesema mimea itatusafishia mji aseme pia mimea ipi, inavunwa na nani, na inaishia katika sahani ya nani. Wanaokula mchicha wa Msimbazi kwa kawaida si wale wanaokata utepe wa kuzindua barabara.

Turudi kwenye takwimu, kwa kuwa mjadala huu umekuwa wa nyimbo kwa muda mrefu. Watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, wakiongozwa na David Nowak, walichapisha mwaka 2014 makadirio ya kazi ya miti ya nchi hiyo. Kwa mwaka 2010 pekee, miti na misitu yake iliondoa hewani tani milioni 17.4 za vichafuzi na kuepusha vifo zaidi ya 850. Hizo si namba za kudharau. Mtu mmoja aliyenusurika ana mama yake. Lakini watafiti haohao walikadiria kwamba, kwa wastani, hewa iliboreka kwa chini ya asilimia 1. Nchi yenye misitu mikubwa na miji yenye miti mingi, na bado miti imepunguza uchafu wa hewa kwa sehemu isiyofika moja katika mia. Asilimia 99 na ushei iliyobaki haiwezi kupandiwa mche. Inatakiwa kuzuiwa inakotoka.

Mfano wa kuzuia inakotoka tunao hapahapa Afrika, nao ni mafanikio ambayo hatuyasimulii vya kutosha. Kwa miongo mingi petroli tuliyoitumia ilitiwa risasi, na kila gari lilipopita liliitawanya barabarani. Mwaka 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana nayo, na kufikia Januari 2006 eneo lote lilikuwa limeacha. Miaka 15 baadaye, mwaka 2021, Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kufanya hivyo. Vivyo hivyo dizeli: kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Maamuzi hayo mawili yalifanyika kwa mikutano, viwango na sheria. Hakuna jembe lililoshikwa. Wala hapajawahi kuwa na msitu mjini ambao ungeweza kufanya kazi iliyofanywa na uamuzi ule mmoja wa kuiondoa risasi katika petroli. Ile risasi ya zamani, hata hivyo, bado imo katika udongo wa kando ya barabara zetu kuu, na miti mizee iliyosimama hapo inaendelea kuishikilia kwa mizizi. Tunapoing'oa kwa buldoza tunalifukua kaburi.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni hesabu ya «kata mmoja, panda kumi». Huisikika kila barabara inapopanuliwa. Mkandarasi huangusha miti ya miaka 50 kwa wiki mbili, na wakubwa hututuliza kwamba itapandwa mara kumi ya iliyokatwa. Huyohuyo Nowak, alipochunguza miti ya jiji la Chicago miaka ya 1990, alikuta kwamba mti mkubwa wenye afya, ambao shina lake lina upana unaozidi sentimita 77, huondoa uchafu wa hewa takribani mara 70 ya mti mdogo ambao shina lake halifiki sentimita 8. Sababu yake si siri: kazi hii hufanywa na eneo la majani, na mche una majani ya kuhesabika. Hivyo anayekata mmoja na kupanda kumi amelipa moja ya saba ya deni, tena kwa sharti kwamba michi yote kumi imepona. Nani katika jiji hili lenye watu zaidi ya milioni 5.3 anaweza kuonyesha daftari la michi iliyopandwa miaka mitatu iliyopita, na ni mingapi imesimama leo? Tunahesabu miti siku ya kupanda, kwa sababu siku hiyo ndiyo kamera huwapo. Mbuzi huja siku ya pili.

Si lazima kila barabara iue. Novemba 2020, jijini Nairobi, mgumo uliokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100 ulikuwa uondolewe kando ya Waiyaki Way kupisha barabara ya juu. Wananchi wakapaza sauti, na amri ya rais ikaunusuru. Barabara ilijengwa, na mgumo ukabaki. Jirani zetu wametuonyesha kwamba mchoro wa mhandisi si msahafu. Wametuonyesha pia udhaifu wa njia hiyo: miti mingine mingi ya barabara hiyohiyo haikuwa na jina wala historia, hivyo haikupata amri ya rais. Mti usitegemee umaarufu ili upone. Utegemee kanuni.

Wataalamu watanikumbusha kwamba mti mahali pabaya unaweza hata kudhuru, na ni kweli. Katika mtaa mwembamba uliobanwa na maghorofa, kama ilivyo mitaa mingi ya Kariakoo, matawi yakifungamana juu kama paa huweza kuuzuia moshi usipande, ukabaki kwenye usawa wa pua za wapita njia. Mahali kama hapo ua wa vichaka vifupi kati ya magari na watembea kwa miguu una faida zaidi. Tena ipo miti, mikaratusi ikiwamo, inayotoa mvuke ambao ukikutana na gesi za magari husaidia kuzalisha ozoni. Katika kampeni za mwaka 1980 Ronald Reagan alilikuza jambo hili hadi akaonekana kuitupia mimea lawama ya hewa chafu ya Marekani, akachekwa sana. Alistahili kuchekwa, kwa kuwa alisahau kiungo cha pili: bila gesi za magari, mvuke wa mti usingekuwa na wa kushirikiana naye.

Nasema haya yote kwa sababu suala la hewa, kwetu Tanzania, lilikwisha kuwa suala la haki kabla halijawa la bustani. Wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa likifukiza moshi katika makazi yao. Jiji liliporudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kulitumia, Jaji Kahwa Lugakingira alilikatalia mwaka 1991, akistaajabu kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliegemea ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Baadaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaandika bayana kwamba kila mtu aishiye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Wale wakazi hawakuomba wapandiwe miti kuzunguka dampo. Waliomba dampo liondoke. Walikuwa wameelewa, miaka zaidi ya 30 iliyopita, jambo ambalo mipango yetu ya leo inalikwepa.

Basi nini kidaiwe? Kwanza, hewa ipimwe na vipimo vitangazwe kila siku, kama tunavyotangaziwa hali ya hewa baada ya taarifa ya habari. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kiwango cha chembe za PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Mwananchi wa Buguruni ana haki ya kujua yeye yuko wapi katika ngazi hiyo. Ukaguzi wa moshi wa magari nao uwe ukaguzi, usiwe stika ya kubandika kiooni. Uchomaji wa majani kando ya barabara ukome, na kwa kuwa mfagiaji hawezi kukoma bila kupewa gari la kuyabeba, atafutiwe gari hilo, pamoja na barakoa na glavu. Majani ya barabara kuu yasigeuzwe mbolea ya mboga. Ya mitaa tulivu na ya viwanja vya shule yanafaa, na mengi yanaozea bure.

Na kuhusu miti yenyewe, ninapendekeza jambo moja ambalo halihitaji bajeti kubwa. Katika kila zabuni ya barabara mjini, miti iliyokomaa iorodheshwe mmoja mmoja, kwa aina na upana wa shina, kama zinavyoorodheshwa nguzo za umeme na mabomba ya maji. Mkandarasi anayetaka kuuondoa mti aandike sababu, na sababu hiyo ibandikwe kwenye shina siku 30 kabla ya shoka, ili mwenye duka, mwenye bodaboda na mama ntilie anayeuza chini ya kivuli chake wapate kuisoma na kuipinga. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yashikiliwe mpaka michi aliyoipanda imalize misimu mitatu ya kiangazi ikiwa hai. Nguzo ya umeme ikiangushwa kwa bahati mbaya, yupo wa kulipa. Sijaona sababu mti ukosewe mdai.